AKIBA SI KIPORO

Nyumba yenye watu wengi na fedha kidogo hupenda kupika mara moja ikala mara nyingi. Si ajabu. Kuni ni za kutafutwa, mkaa ni wa kununuliwa, na mama aliyeinama shambani tangu Jumatatu hana nguvu ya kusimama jikoni kila jioni. Ndiyo maana ikifika Jumamosi na Jumapili wengi wetu huinjika sufuria kubwa, hukaanga beseni zima la sambusa, kisha husema: "Hizi zitatufikisha Jumatano."

Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo. Leo nataka nikueleze kwa nini sisemi hivyo tena, na kwa nini hata hivyo sijaacha kupika kwa wingi mwisho wa juma.

Maoni yangu ni haya: kazi inaweza kuwekwa akiba, na chakula kikavu kinaweza kuwekwa akiba. Lakini chakula chenye nyama, samaki, wali au maharage, kikiisha kuiva na kulala mahali pasipo na ubaridi, hicho si akiba. Hicho ni kiporo, na kiporo kina gharama ambayo hatuioni siku tunapokilaza.

Yaliyonipata

Jumamosi moja nilinunua kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Niliikatakata kwa kisu mpaka ikawa laini, nikaipika na vitunguu, tangawizi na bizari. Nilikusudia kupata sambusa 60. Wakati huo kidole changu cha shahada kilikuwa na kidonda. Nilikuwa nimejikata siku chache kabla, kikaanza kutunga usaha, nami nikakifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Nani anaacha kupika kwa sababu ya kidole?

Siku ile nilijaza na kukaanga nusu ya sambusa, nikichota nyama kwa mkono uleule. Tulikula, hakuna aliyeumwa. Nyama iliyobaki niliiacha ndani ya sufuria, nikaifunika vizuri kwa mfuniko, nikaiweka pembeni mwa jiko ili paka asiifikie. Kesho yake alasiri niliipasha moto mpaka ikatoa mvuke, nikajaza sambusa zilizosalia, nikazikaanga katika mafuta yaliyochemka. Tulikula saa kumi.

Kabla ya saa mbili usiku watoto wawili walikuwa wanatapika. Baadaye nami nikafuata. Mdogo wao, mwenye miaka mitatu, alitapika mpaka akalegea, macho yakaingia ndani. Tulimpakia kwenye pikipiki usiku huohuo kumpeleka zahanati.

Mganga aliyekuwa zamu aliniuliza maswali matatu tu: Mmekula nini? Kilipikwa lini? Nani alikishika? Kisha akautazama mkono wangu, akatikisa kichwa. Hakuna aliyeipeleka nyama yangu maabara, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba najua kijidudu kilichotuangusha. Lakini dalili, saa zilizopita na kile kidole vilielekea upande mmoja.

Mtoto alipona. Usiku kucha tulimpa maji ya ORS kijiko baada ya kijiko, na kulipokucha aliomba uji. Nami nilikaa nikapiga hesabu: kilo ya nyama, nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, siku mbili ambazo hakuna aliyekwenda shamba. Ile "akiba" yangu ilikuwa sambusa ghali kuliko zote nilizopata kula.

Kwa nini moto haukutuokoa

Wengi wetu tunaamini kwamba moto hutakasa kila kitu. Tunasema, "Kipashe tu, kitakuwa salama." Imani hii ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo hudanganya kuliko uongo mtupu.

Ni kweli kwamba moto wa kutosha huua vijidudu vingi. Lakini wapo bakteria ambao wakiachwa ndani ya chakula chenye uvuguvugu kwa saa kadhaa huzaana na kutoa sumu. Bakteria mmoja wa namna hiyo huitwa stafilokoko. Makao yake ni puani, kwenye ngozi, na hasa kwenye majipu na vidonda vyenye usaha. Ukipasha chakula moto, bakteria wenyewe watakufa, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haiharibiwi na moto wa jikoni. Mlaji huanza kutapika baada ya nusu saa hadi saa nane hivi. Wapo wengine ambao huacha mbegu ngumu ndani ya wali au vyakula vingine vya nafaka. Mbegu hizo hustahimili kuchemshwa, kisha huchipuka chakula kinapopoa polepole.

Vijidudu hawa hupenda joto lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, joto la jikoni usiku lipo humohumo. Tena ule mfuniko niliousifu ulinisaliti. Sufuria kubwa iliyojaa na kufunikwa ikiwa moto hupoa polepole sana. Katikati yake hubaki vuguvugu saa nyingi. Mimi nilidhani namzuia paka, kumbe nilikuwa nawatandikia vijidudu kitanda.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafundisho matano ya chakula salama, nayo ni rahisi kukumbuka: dumisha usafi, tenga kibichi na kilichoiva, pika kiive barabara, weka chakula katika joto linalofaa, tumia maji na vyakula vilivyo salama. Chini ya fundisho la nne tunaambiwa kwamba chakula kilichoiva kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Saa mbili, ndugu msomaji, wala si siku mbili.

"Tupeni viporo": ushauri usiotosha

Wapo wataalamu wakifika kijijini husema kwa kifupi, "Msile viporo, tupeni." Mimi ninawaheshimu, lakini ushauri huo peke yake hautoshi. Mwenye debe moja la unga mpaka mavuno hawezi kuambiwa atupe chakula. Akiambiwa hivyo atatikisa kichwa kwa adabu, mgeni akiondoka atakipasha kiporo chake na kukila.

Ushauri unaofaa ni ule unaomwezesha asiwe na kiporo cha kutupa. Yaani apike kipimo cha kuliwa, na ile nguvu yake ya Jumamosi aiweke katika vitu ambavyo havichachi upesi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 hazikuwaacha watu na makatazo matupu. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya: wakachimba vyoo, wakalima bustani. Nasi tufuate njia hiyo. Nitakueleza ninavyofanya nyumbani kwangu sasa, nawe upime.

Jumamosi: siku ya kuweka akiba ya kazi

Jumamosi sipiki chakula cha wiki. Natayarisha wiki.

Kwanza, tunachambua maharage, kunde na choroko za wiki nzima, tunaondoa mawe na zilizotobolewa, tunazipima robo kilo robo kilo na kuziweka katika makopo makavu yenye mifuniko. Pili, dagaa wakavu wanaondolewa vichwa na mchanga, kisha sehemu yao inatwangwa kuwa unga. Tatu, bizari na pilipili manga zinatwangwa na kuwekwa chupani. Vitu hivi vyote ni vikavu, na vijidudu haviwezi kuzaana pasipo maji. Mama akirudi amechoka siku ya Jumatano, kazi ya kuchambua na kutwanga imekwisha kufanyika. Atakuwa ameloweka maharage asubuhi, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa kuni chache. Ayamwage maji ya kulowekea, kisha ayachemshe kwa nguvu mpaka yaive barabara, maana maharage mekundu yasiyoiva yana sumu yake inayoumiza tumbo.

Alasiri tunatengeneza manda za sambusa. Kwa sambusa 40 natumia nusu kilo ya unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji kama kikombe kimoja na robo, nikiyatia kidogo kidogo. Naukanda mpaka unalainika, naufunika, unapumzika nusu saa. Kisha nagawa matonge 10. Nasukuma tonge moja kiasi cha kisahani, napaka mafuta, nanyunyizia unga, naweka la pili juu yake, nasukuma yote mawili pamoja mpaka yawe membamba. Naligeuza upesi kwenye kikaango kikavu, bila kuliacha libadilike rangi, halafu natenganisha zile mbili zingali moto. Kila duara nalikata mara nne. Hizo ndizo manda 40.

Zikipoa kabisa nazifunga katika kitambaa safi na kuziweka ndani ya chombo chenye mfuniko. Kesho yake zinakunjika vizuri. Katika sehemu za baridi hukaa mpaka Jumatatu asubuhi. Katika sehemu za joto kama Pwani na Tanga nashauri zimalizwe Jumapili. Ukiona ukungu kwenye manda moja, usikwangue, tupa zote. Vile vipande vinavyosalia pembeni usivitupe. Vikaushe juu ya kikaango mpaka vikakamae, watoto watavitafuna kama biskuti.

Usiku kabla ya kulala naloweka robo kilo ya choroko.

Jumapili: siku ya kujaza na kula

Asubuhi nachemsha choroko mpaka zinapondeka kati ya vidole. Nazichuja, naziponda kidogo, nazichanganya na vitunguu vitatu vilivyokaangwa, karoti mbili zilizokunwa, kitunguu saumu, bizari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na mchicha au majani ya kunde yaliyokatwa membamba na kuivishwa mpaka maji yakauke. Mwisho nakamulia ndimu. Mchanganyiko ukiwa na maji, sambusa hupasuka katika mafuta. Kwa hiyo ukaushe vizuri.

Naupakua katika sinia pana ili upoe upesi. Siuachi sufuriani. Mikono yetu tunaiosha kwa maji na sabuni. Mwenye kidonda, jipu, au anayeharisha hajazi sambusa. Siku hiyo apewe kuni, maji au kibao cha kusukumia kukisugua, na chakula asikishike.

Kwa familia yetu ya watu saba nakaanga sambusa 24, nazo zinaliwa siku ileile. Kama nyumba yako ina watu 12, kaanga zote 40. Manda 16 zinazobaki ninazo bado kavu na safi. Jumatatu alfajiri, wakati uji unachemka, nakaanga kabichi kidogo na vitunguu na dagaa waliotwangwa, najaza manda zilizobaki, watoto wanakula zingali moto kabla ya kwenda shule. Kazi ngumu ilikwisha tangu Jumamosi. Kilichopikwa Jumatatu kimeliwa Jumatatu. Hiyo ndiyo akiba ninayoisema.

Je, sambusa bila nyama ni chakula?

Utasikia watu wakicheka: "Sambusa ya choroko? Hiyo ni sambusa ya ukata." Tuwajibu kwa hesabu.

Robo kilo ya nyama mbichi isiyo na mafuta mengi ina karibu gramu 50 za protini. Robo kilo ya choroko kavu ina karibu gramu 60. Tena choroko zikiiva huvimba zaidi ya maradufu, wakati nyama ikipikwa husinyaa. Protini ya jamii ya kunde ina upungufu fulani, na ile ya ngano ina upungufu mwingine. Ukizila pamoja, kila moja humfidia mwenzake. Kwa hiyo sambusa ya choroko hujenga mwili, wala si ujanja wa kujaza tumbo.

Lakini sitaki kukuficha upande wa pili. Madini ya chuma yaliyo katika choroko na maharage hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama. Ndiyo maana nilitaja ndimu. Vitamini C iliyo katika ndimu, nyanya au chungwa huyasaidia kuingia. Chai nayo hufanya kinyume, huyazuia. Hapo sisi tuna tatizo, maana sambusa na chai ni kama kinu na mchi! Ushauri wangu ni huu: kula sambusa kwa maji au chungwa, chai inywe baada ya saa moja hivi. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito na kwa mtoto mwenye upungufu wa damu.

Kadhalika, mtoto mdogo wa miezi 6 hadi miaka 2 asipewe sambusa ya kukaanga kuwa ndiyo mlo wake. Kabla hujatia pilipili, mtengee choroko zilizopondwa, mchanganyie na mboga na tone la mafuta. Naye anahitaji pia chakula kitokacho kwa wanyama kila inapowezekana: yai, maziwa, au dagaa waliotwangwa. Nyama ya robo kilo ikipatikana, mchemshie mtoto na mama mjamzito kwanza. Katika nyumba nyingi hufanywa kinyume.

Mafuta nayo yana kipimo

Kukaanga sambusa hunywa mafuta, na mafuta yana bei. Tumia sufuria ndogo yenye kina, ukaange tatu au nne kwa wakati, kuliko karai pana linalotaka lita nzima. Mafuta yawe moto vya kutosha. Yakiwa baridi, sambusa huyanywa na kulegea. Ukimaliza, yaache yapoe, uyachuje, uyafunike mbali na jua. Lakini mafuta yaliyogeuka meusi, yanayotoa povu au moshi upesi, yamekwisha kazi yake. Kuyarudia siku baada ya siku si ubahili mwema; yamechakaa na yana madhara kwa afya.

Ipo pia njia ya zamani isiyohitaji mafuta mengi. Panga sambusa zilizopakwa mafuta kidogo katika sufuria pana, funika kwa mfuniko wa bati, weka makaa machache chini na mengi juu, kama wapikavyo mkate wa sufuria. Zinatoka kavu na rangi nzuri. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha sinia zima.

Kwa wenye jokofu, na kwa wauzaji

Umeme umefika vijiji vingi, na baadhi yenu mna majokofu. Vizuri. Mwenye jokofu anaweza kuweka akiba zaidi, lakini kwa masharti. Usiingize sufuria kubwa ya moto. Gawa chakula katika vyombo vifupi, kipoe upesi, kiingie kabla ya saa mbili kupita. Sambusa zilizojazwa na kugandishwa kabla ya kukaangwa hukaa vizuri. Lakini jokofu ambalo umeme wake unakatika mchana kutwa ni kabati tu. Usilitegemee kana kwamba ni baridi.

Na wewe dada unayebeba beseni la sambusa mpaka lango la shule saa nne asubuhi, kazi yako ni ya heshima, nayo inasomesha watoto wako. Nakuomba mambo matatu tu. Usijaze nyama iliyolala. Kaanga kwa mafungu, uuze kabla ya saa mbili kupita, badala ya kukaanga zote alfajiri na kuzungusha mpaka jioni. Tumia koleo au karatasi safi, maana mkono uliopokea sarafu haufai kushika sambusa. Mtoto akiumwa kwa sambusa yako, ametapika mtaji wako pamoja na imani ya wazazi.

Ikiwa hata baada ya hayo yote mtu ataharisha au kutapika, mpe maji ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogo kidogo na mara kwa mara, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto mwenye kuharisha hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama atakavyoelekeza mhudumu wa afya. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakiingia ndani, au choo kikiwa na damu, usingoje kukuche. Mpeleke zahanati.

Kazi hii ni ya nani?

Neno la mwisho nalielekeza kwa akina baba. Nimeandika "tunachambua", "tunatengeneza", "tunaosha". Sikukosea. Kama Jumamosi na Jumapili mama peke yake atachambua, atatwanga, atakanda, atasukuma na kukaanga, basi tumemwongezea siku mbili za kazi na kuziita mapumziko. Mama aliyechoka ndiye anayelaza nyama sufuriani. Ndiye asiyekumbuka kidonda cha kidole chake. Uzembe si tabia yake, amezidiwa tu. Nyumba yangu ilibadilika tulipokaa wote kwenye mkeka siku ya Jumamosi: mmoja anachambua, mmoja anasukuma, mmoja anakunja pembe tatu, na yule mdogo aliyepona anahesabu manda mpaka 40, akikosea kwenye 29. Kazi ya nusu siku inakwisha kabla jua halijatua. Mkono mmoja haulei mwana, na wala haukunji sambusa 40.

Ndugu msomaji, usiniamini kwa sababu nimeandika gazetini. Jaribu Jumamosi hii. Anza na robo kilo ya choroko na nusu kilo ya unga. Pima kuni ulizotumia, pima fedha zilizobaki, tazama matumbo ya watoto siku ya Jumatatu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni vyakula gani huwa tunavilaza? Ni vipi kati yake ni vikavu na vipi ni vya majimaji?

2. Je, kuna mtu aliyewahi kuumwa baada ya kula kiporo kilichopashwa moto? Kilikaa saa ngapi, na nani alikishika?

3. Ni kazi zipi za jikoni tunaweza kuzifanya pamoja Jumamosi ili mama apunguziwe mzigo katikati ya wiki?

4. Nyama kidogo ikipatikana nyumbani kwako, nani hula kwanza? Je, ndivyo inavyofaa?

Jadilianeni, kubalianeni jambo moja tu la kulifanya, mlifanye. Tukutane tena katika ukurasa huu.